Ndizi Bila Chumvi

Kiwanda cha chai kilipobinafsishwa, Tusajigwe alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Wiki iliyofuata, akiwa amepanda nyuma ya pikapu iliyotoka Tukuyu, alisema taratibu, “Ndaga, Kyala,” akimshukuru Mungu.

Mzee asiyemjua, naye kapunguzwa, akamgeukia. “Unashukuru nini, mwanangu?”

“Miaka kumi na miwili nilitoka nyumbani watoto wamelala, baba. Leo nimewaona wakiamka.”

“Wakala nini?”

Swali lilimchoma. “Ndizi za kuchemsha, bila chumvi. Nazo nimeshukuru. Chumvi nitailimia.”

“Shukrani haiivishi chungu.”

“Hata manung’uniko hayaivishi, baba.”

“Wangu wote wako Dar es Salaam. Mimi nimtazame nani akiamka?”

Pikapu ilisimama Kyimo. Tusajigwe akamuaga kwa heshima, akateremka na jembe lake.