Bwana Asheri Shekiondo na Slaidi Zake Pacha

Leo, Jumanne tarehe 30 Juni 1959, Bwana Asheri Shekiondo, mpimaji damu wa hospitali yetu hapa Tanga, anaifunika hadubini yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia maabara kwa miaka thelathini na moja na miezi mitano. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu mimi ni karani na mashine ya chapa ninayo. Nadhani pia ni adhabu, maana hakuna mtu aliyemtania Bwana Asheri kwa muda mrefu kuliko mimi, Idarusi Uweso.

Bwana Asheri ni mzaliwa wa Bumbuli, katika milima ya Usambara. Alishuka Tanga Februari 1928 akiwa na barua ya mchungaji wake na koti zito la baridi, na wazee wa Ngamiani wanasema alilivaa wiki nzima kabla ya kukubali kwamba Tanga hakuna baridi. Aliajiriwa kuosha vioo vya maabara. Alipomaliza kuviosha aliomba kuchungulia, na alipokatazwa aliomba tena kesho yake. Mwaka 1934 alikuwa akisoma slaidi za malaria peke yake, na mwaka 1951 alipelekwa kituo cha utafiti wa malaria cha Amani kwa miezi mitatu kuongeza ujuzi. Alirudi na cheti kimoja na malalamiko mengi juu ya ruba.

Amefundisha wapimaji kumi na mmoja, wa mwisho wao Bi Ruthi, anayekikalia kiti chake kuanzia kesho. Ameimba sauti nzito katika kwaya ya kanisa lake tangu kabla ya vita. Katika miaka yote hiyo amechelewa kazini mara moja tu, siku aliyozaliwa mwanawe wa kwanza, na hata siku hiyo aliomba radhi kwa maandishi.

Lakini jambo ambalo kila mtu hapa analijua juu yake ni zile slaidi pacha. Mwaka 1936 slaidi ya mtoto mmoja wa shamba la mkonge ilimponyoka ikavunjika kabla hajaisoma. Mtoto alikuwa ameshachukuliwa na wazazi wake kurudi shambani, na hatukusikia tena habari zake. Tangu siku hiyo Bwana Asheri akitoboa kidole cha mgonjwa hupaka damu kwenye vioo viwili. Kimoja hukisoma, cha pili hukiandika jina na tarehe na kukiweka sandukuni. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo.

Masanduku yakajaa. Yakaingia katika chumba changu cha majalada, yakapanda kabati, yakaanza kunisogeza na meza yangu. Nilimwita Bwana Makumbusho mbele ya watu. Mwaka 1956 nilipata ruhusa ya kuyatupa. Bwana Asheri hakugombana nami. Aliyafunga kwenye baiskeli akayapeleka kwake Usagara, safari tano, akayapanga chini ya kitanda cha wageni. Mkewe, Bi Yudith, aliniambia uso kwa uso: "Idarusi, wageni wangu sasa wanalala juu ya damu za watu wako." Nilicheka sana. Leo nikiikumbuka siku hiyo sicheki.

Sasa nifike kwa Bwana Miraji Zubeiri. Wengi mnamjua, ndiye mwoka mikate wa Ngamiani ambaye huletea wodi zetu mikate ya moto kila asubuhi. Mnamo 1955 alianza kukonda. Akipiga mswaki fizi zilichuruzika damu. Ubavu wa kushoto ulimvimba ukawa mgumu, na akachomwa chuma cha moto mara tatu na mganga kabla ya kuja kwetu. Alipokuja, kila aliyemgusa tumbo alisema bandama. Pwani hii nusu ya watu wana bandama kwa ajili ya homa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Damu yake ilipelekwa kwa Bwana Asheri itafutwe vijidudu vya malaria, na Bwana Asheri akajibu kwamba hamna. Alipewa kwinini hata hivyo. Baada ya miezi michache akarudi, akapimwa, hamna. Ikawa hivyo mara nane.

Juni 1957 Bwana Miraji alikuwa hawezi tena kuinua bao la mikate, na bandama lilikuwa limefika kitovuni. Mkewe, Bi Mwanasiti, aliingia maabara bila kubisha hodi. Mimi nilikuwamo, nimeleta karatasi. Alisema: "Bwana Asheri, kila tukija waniambia hamna vijidudu. Sikukuuliza kisichokuwamo. Nakuuliza kilichomo."

Bwana Asheri aliiacha hadubini akasimama. Halafu akamwambia, "Nipe mpaka Jumatatu, mama."

Jumapili ile, baada ya ibada, aliyarudisha masanduku hospitali kwa baiskeli ile ile. Alitoa pacha zote nane za Bwana Miraji akaziweka chini ya hadubini moja baada ya nyingine. Alichokiona alikuwa amekwisha kukiona zamani. Chembe nyeupe za damu zilikuwa chache, na baadhi yake zilikuwa na manyoya pembeni, kama kitambaa kilichochanika upindo. Mara ya kwanza, katika masika ya 1955, alidhani ni unyevu wa Tanga. Mpimaji yeyote wa pwani anajua kwamba damu ikikauka polepole chembe zake hujikunja na kuharibika kingo. Basi akailaumu hewa, akatafuta vijidudu alivyoulizwa, akaandika hamna.

Lakini sasa alikuwa na pacha za Januari na Februari pia, miezi ya jua kali, damu inapokauka kabla hujageuka. Manyoya yalikuwamo. Kisha akatoa pacha za wagonjwa wengine waliopimwa siku zile zile. Siku moja, hewa moja, rangi moja ya maabara, na damu zao zilikuwa safi. Ni damu ya Miraji peke yake iliyokuwa na manyoya. Jumatatu nilimkuta ameinamia meza, macho mekundu. Aliniambia neno moja tu: "Nilimpita."

Daktari wetu alipoziona alikubali kwamba si malaria na si ugonjwa anaoujua. Alihisi ni saratani ya damu ya namna ya ajabu, na akasema wazi kwamba sharti apatikane bingwa. Bingwa gani, na yuko wapi, hakujua. Bwana Asheri akaomba ruhusa ya siku mbili. Akapanda treni mpaka Muheza, akadandia lori la mbao hadi Amani, kwa mtaalamu mmoja aliyewahi kumfundisha. Mtaalamu akachungulia, akasema yeye ni mtu wa mbu, lakini akampa anwani ya profesa wa damu aliyeko London.

Slaidi ya kwanza ya Miraji, ile iliyosomwa 1955 ikabaki maabara, ikafungwa kwa sufi ndani ya kibiriti ikapelekwa kwa ndege. Jibu likaja kwamba imefika vipande vipande. Hospitali nyingine ingesikitika tu, maana kumtoboa Miraji tena kungetoa damu ya Agosti, na profesa alitaka hasa ile ya mwanzo. Bwana Asheri alikuwa na pacha yake. Safari hii aliifungia ndani ya pingili ya mwanzi aliyoichonga mwenyewe, na ikafika nzima.

Profesa akairudisha slaidi, akajibu kwamba ugonjwa huo ni adimu mno, yeye mwenyewe ameuona mara tatu. Akaongeza kwamba aliyewahi kufanya kazi naye juu ya ugonjwa huo, Daktari Trivedi, sasa yuko Nairobi. Hebu fikirini. Damu ya mwoka mikate wa Ngamiani ilivuka bahari mara mbili ili tuambiwe kwamba anayeijua yuko kwenye reli yetu wenyewe.

Tulimwandikia Daktari Trivedi, naye akauliza swali moja kabla ya yote. Je, ugonjwa huu unakwenda mbio au polepole? Kama ni wa mbio, kumtoa bandama ni kumuua bure juu ya kisu. Kama ni wa polepole, kulitoa kunaweza kumpa miaka. Nani aliyekuwa na damu yake ya zamani?

Barua ya kujibu niliipiga chapa mimi, na Bwana Asheri alisimama nyuma yangu akinisomea. Alisema aandikiwe hivi: "Ninazo slaidi nane za miezi ishirini na sita. Chembe hizi niliziona katika zote, nikadhani ni unyevu. Kosa ni langu." Vidole vyangu vikasimama. Nilimwambia, "Hayo hukuulizwa, bwana. Peleka slaidi, acha maneno." Alikuwa amebakiza miaka miwili tu kustaafu, na barua ile ingeingia katika jalada lake ambalo nalishika mimi. Akanijibu, "Aliyeziona mara ya kwanza ndiye mimi. Nikificha hilo, ataziaminije? Piga, Idarusi." Nikapiga.

Jibu lilikuja kwa simu ya maandishi. Njoo na mgonjwa. Njoo na sanduku.

Walisafiri watatu, Bwana Miraji, Bi Mwanasiti na Bwana Asheri, kwa treni kupitia Moshi na Voi. Bi Mwanasiti anasema Bwana Asheri alilipakata sanduku njia nzima na hakushuka Voi kunywa chai mpaka yeye alipokubali kulishika. Nairobi, Daktari Trivedi alizipanga slaidi nane kwa tarehe akaziangalia asubuhi nzima. Chembe zenye manyoya zilikuwa zimeongezeka kidogo kidogo sana, mwezi baada ya mwezi. Ugonjwa ulikuwa wa polepole. Halafu bingwa yule akainuka, akamkalisha Bwana Asheri kwenye kiti chake mwenyewe, akawaita madaktari vijana wanne na kuwaambia, "Huyu ndiye atakayewasomea."

Hilo Bwana Asheri hakulisema kamwe. Tulilisikia kwa Bi Mwanasiti, na mimi nililazimika kutoka nje kidogo. Mtu aliyeanza kwa kuosha vioo, aliyeitwa Bwana Makumbusho na karani wake, anawasomea madaktari wa Nairobi kosa lake mwenyewe, na kwa kosa hilo mtu anapata nafasi ya kuishi.

Bandama lilitolewa tarehe 14 Oktoba 1957. Daktari Trivedi alisema kweli kwamba ugonjwa haukuondoka, ila Bwana Miraji amepewa miaka, na kwamba damu yake isomwe kila mwezi na mtu yule yule. Imesomwa hivyo mpaka jana. Jana Bwana Asheri alipaka vioo viwili, akasoma kimoja, kisha akampa Bi Ruthi kiti na cha pili, akasubiri amwambie mwenyewe kilichomo. Bi Ruthi alimwambia, na alipatia.

Masanduku yamerudi katika chumba changu cha majalada. Kabati tatu zimetolewa ili yaenee, na zilizotolewa ni zangu. Bwana Asheri anaondoka na kitu kimoja tu cha hospitali, ambacho alikiomba kwa maandishi na nikakipiga mhuri kwa mkono wangu. Ni slaidi ya Aprili 1955, ile ya kwanza aliyoipita. Anasema itakaa Bumbuli, karibu na Biblia.

Bwana Asheri, tunakushukuru kwa kila damu uliyoisoma na kwa ile uliyorudi kuisoma upya. Shikamoo, kaka. Mungu akurudishe salama kwenye baridi ya kwenu, akupe wewe na Bi Yudith afya na siku nyingi, na kitanda cha wageni kisicho na kitu chini yake.

Na nyinyi mliohudhuria, kabla ya kumega mkate ulioko mbele yenu, jueni kwamba aliyeuoka ni Bwana Miraji. Aliamka alfajiri leo, akaliinua bao la mikate mwenyewe.