Refa Aliyeifundisha Mashine Kungoja

Wasikilizaji wapendwa, kama una kikombe mkononi, kiweke chini kwanza. Leo tunamkumbuka mtu ambaye angekasirika tukilia bila kucheka.

Walimwita Refa. Hakuwahi kupuliza filimbi. Hakuwahi hata kukimbia. Akifukuzwa na mbwa, angesimama wazungumze. Refa alikuwa mtunzi wa programu za kompyuta. Ndiye aliyeunda programu inayoendesha mashindano ya mpira wa kwenye simu. Nyumbani waliiita mashine. Mashine ilipanga nani acheze na nani, ikahesabu mabao, ikatangaza bingwa. Watu walibakiwa na kazi mbili tu: kucheza na kulalamika.

Refa alitutoka mwezi uliopita, kwa maradhi ya figo. Amemwacha mama yake, na mdogo wake, fundi simu.

Mashine ile haikuzaliwa na akili, wasikilizaji wapendwa. Siku ya kuijaribu, Refa aliwaandikisha ndugu wote waliokuwa pale nyumbani. Mama mtu akagoma.

"Mimi na mpira wapi na wapi?"

"Mama, wewe bonyeza tu palipoandikwa 'nipo'."

Mama akabonyeza, akarudi kwenye kifungo alichokuwa anashona. Mara umeme ukakatika, mtandao wa nyumba ukafa. Mashine ikaona wachezaji wametoweka, ikawafukuza wote kama watoro. Akabaki mama peke yake, maana simu yake ilikuwa na bando lake. Ikamtangaza bingwa. Bingwa, na hajagusa mpira hata mmoja!

"Dada, mashine yako ina roho mbaya," mdogo mtu akasema.

"Roho itaitoa wapi? Ina sheria moja tu. Asiyejibu, nje."

Refa akacheka mpaka machozi. Kisha akavuta kiti, akaanza kuirekebisha. Wachezaji wengi wakitoweka kwa mpigo, mashine isimfukuze mtu. Isimamishe mchezo. Ingoje.

Tatizo ni kwamba baada ya hapo umeme ulijitia adabu, haukukatika tena wakati wa mashindano. Sheria mpya ikakaa humo bila kupata kazi.

Refa alipolazwa, fainali zilikuwa zinakaribia. Akamwita mdogo wake kando ya kitanda.

"Utakaa kwenye kiti changu."

"Dada, mimi nabadilisha vioo vya simu. Nikigusa hicho kitu si nitakilipua?"

"Ndiyo maana nakuambia usiguse. Ikikwama, tia mikono mfukoni."

Refa hakuziona fainali hizo. Kijana akakaa kwenye kiti cha dada yake, mama pembeni, roho mkononi. Mashindano yakivurugika, watu watasema kazi ya Refa imekufa naye. Hilo ndilo lililomnyima kijana usingizi.

Nusu fainali ikiwa imepamba moto, majina yakaanza kuzimika kwenye kioo. Moja, jingine, kundi zima. Mtaa mzima wa wachezaji umekosa umeme! Kidole cha fundi kikaelekea palipoandikwa 'anza upya'. Kikasita. Akatia mikono mfukoni, jasho likimtoka.

Kioo kikaandika: "Tulieni. Umeme ndio uliotoroka, si ninyi. Tunawangoja."

Maneno yale ni ya Refa mwenyewe. Na mashine ikangoja kweli. Majina yakarudi, kila mmoja akakuta mabao yake pale pale alipoyaacha. Fundi akashusha pumzi ndefu, mama akamuuliza kama anazima mshumaa.

Fainali ikachezwa mpaka mwisho. Akashinda dada mmoja mshonaji, kihalali.

"Afadhali," mama akasema, akijifuta macho. "Safari hii kombe limepata mchezaji."

Mama, na wewe fundi wetu, poleni sana. Refa apumzike kwa amani. Kazi yake haikufa naye.

Nawe msikilizaji, yupo mtu hajakujibu siku nyingi, na umeshaanza kumhesabu mtoro. Usimtoe bado. Mngoje kidogo. Huenda kwake umeme umekatika.