Kicheko cha Onesphory Sukari Iliposhuka

Asubuhi hiyo kijiji cha Bashay kilikuwa na baridi ya kukunja vidole, na benchi la mbele ya gereji ya pikipiki lilijaa kabla kahawa ya Ludovika, muuzaji wa hapo kijiweni, haijachemka. Katikati alikaa Onesphory, mkulima wa vitunguu saumu, ambaye kijiweni walimwita Saumu. Alikuwa na kisukari mwaka wa sita. Alfajiri alijichoma insulini, akamwambia mkewe Letisia kwamba atakula akirudi, akaondoka kuwahi nafasi yake. Kulia kwake alikuwa Meshack, fundi wa gereji, maarufu kama Spana. Kushoto Gidabuday, aliyesomea kila kitu kwenye simu, wakamwita Daktari Bando.

— Sikilizeni, akaanza Daktari Bando. Kumbe sukari ikishuka sana, nyama za ndani zinaharibika. Ubongo, moyo, vyote! Kinachozilinda kinaitwa antioksidanti.

— Huyo anti ameolewa wapi? akauliza Ludovika.

Onesphory akacheka.

— Si mtu! akasema Daktari Bando. Ni kinga ya kutu. Oksijeni inakula mwili kama inavyokula bati.

— Kutu niachieni mimi, akasema Spana. Hapo ni grisi tu. Mtu anameza siagi vijiko viwili kila Jumapili, mishipa inateleza yenyewe.

— Grisi inashika vumbi, bwana! akapinga Daktari Bando. Hiyo anti imejaa kwenye vitunguu saumu. Mwangalie Saumu, ana mkunjo hata mmoja?

Onesphory akacheka mpaka machozi. Aliona benchi linainuka taratibu, kama limewekewa jeki. Midomo ikafa ganzi. Jasho likamtiririka mgongoni licha ya baridi ile yote. Alitaka kuwaambia, lakini kilichotoka ni kicheko kingine.

— Basi tumpake rangi ya kuzuia kutu kwa ndani! akadakia Spana. Kikombe kimoja, nyekundu, ili damu isishtuke.

— Letisia, akasema Onesphory, akimkazia macho Spana. Letisia, funga mlango.

Kijiwe kikaangua kicheko.

— Spana umeolewa!

Ndipo akafika Belinda, nesi mgeni wa zahanati, aliyehamishiwa hapo kutoka Tanga.

— Shikamooni.

— Marahaba, nesi. Karibu kahawa.

Hakukaa. Alimtazama Onesphory, akamshika mkono uliolowa jasho.

— Mzee amekula nini leo?

Daktari Bando aliangalia simu yake, akaizima.

— Ludovika, sukari! Ikoroge kwenye maji, haraka. Baba, unanisikia? Meza. Kidogo kidogo.

Dakika zilikuwa ndefu. Kisha benchi likashuka chini, sura ya Letisia ikafutika, akabaki Spana na ndevu zake. Hapo ndipo hofu ilipomwingia Onesphory, akashikilia benchi kwa mikono miwili.

— Na ile antioksidanti? Daktari Bando aliuliza kwa sauti ndogo.

— Wataalamu bado wanaichunguza. Sukari ikishuka, mgonjwa anapewa sukari kwanza, halafu chakula.

Daktari Bando akavua koti, akamfunika mzee. Ludovika akaleta mayai ya kuchemsha. Spana alinawa, akamenya moja, akamenya la pili, akamkabidhi mzee. Akamenya la tatu.

— Nimeshiba, Meshack.

— Kula.

Onesphory akalila yai.