Mgeni Aliyekatazwa Kuzamia

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Gumede, Mkurugenzi wa Fukwe,

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wazamiaji wa ufukwe wa Sodwana tumeigeuza: mwenyeji njoo, mgeni apone. Ndiyo kazi yetu. Karibu.

TULIKOTOKA

Tulianza watu saba, wabeba mitungi ya hewa kutoka kwenye magari hadi kwenye boti. Hakuna aliyetufundisha kuzamia. Tuliiba masomo ya wengine kwa masikio, huku tukijifanya tunakunja kamba. Leo tuko thelathini na mmoja, na mwalimu mwenye cheti hatuna hata mmoja.

Aliyekaribia ni Hlobisile Mthembu. Miaka minne aliosha suti za mpira za wageni. Vitabu vya Kiingereza alivisoma kwa kamusi, akila uphuthu, ugali wa chengachenga, uliopoa kando ya mashine ya kujazia hewa. Kwenye zoezi la uokoaji alimvuta Bhekani, dereva wetu wa trekta la kuvutia boti, kilo mia na kumi, mpaka mchangani. Bhekani akamnong'oneza, "MaMthembu, nirudishe majini, usingizi ndio kwanza ulikuwa umenoga."

Mafunzo ya ualimu ameyamaliza. Mtihani ni Jumatatu, na mtahini huja mara moja kwa mwaka. Kinachokosekana ni barua ya idhini ya ofisi yako.

KILICHOTOKEA

Mgeni rasmi, wiki tatu zilizopita ulikuja na waandishi wa habari, ndege ikikusubiri. Hlobisile ndiye aliyekuwa zamu.

"Dada, fanya haraka," ulimwambia. "Tushuke mita thelathini, tupige picha. Saa tisa nina kikao Durban."

"Baba, ukizamia sasa hivi, hupandi ndege mpaka kesho saa kama hii."

"Nani kasema?"

"Damu yako, Baba."

Bhekani akadakia kutoka juu ya trekta, "Mheshimiwa, soda ukiitikisa halafu ukaifungua ghafla, si unaijua inavyofanya? Basi na damu yako huko angani ndivyo hivyo hivyo!"

Watu walicheka. Wewe hukucheka. "Binti, wewe ni mbeba mitungi. Niitie mwalimu mzungu."

Hlobisile aliufunga mtungi wako, akauweka kwapani, akaenda kumwita Gert, mwalimu wa kampuni ya utalii. Gert akaja, akasema maneno yale yale, hakuongeza wala kupunguza. Ukamshika mkono. "Asante, hapo sasa nimeelewa."

Sisi tulikuwepo. Hlobisile alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwako, mtungi bado kwapani.

Tungependa umtazame Jabulani, pale mstari wa mbele, mwenye magongo. Ni mmoja wa wale saba. Alizamia asubuhi, mchana akapanda ndege kwenda kumzika mama yake. Hakukuwa na mtu wa kumkataza. Hlobisile ndiye aliyemfundisha kusimama upya, akimshika mikono kwenye maji ya kiuno, miezi mitano.

CHANGAMOTO

Zipo nyingi. Trekta ni bovu, na wanawake wetu hubadili nguo nyuma ya boti. Leo hatutazitaja zaidi ya hapo. Kubwa ni moja: ofisi yako imeizuia barua ya Hlobisile kwa "utovu wa adabu", mpaka kikundi kimwombe radhi mgeni. Hata risala hii tuliletewa ikiwa imeandikwa tayari, aya ya sita ikianza, "Kwa unyenyekevu mkubwa tunajutia..."

Hlobisile alituambia, "Isomeni tu, jamani. Nitameza. Nimeshameza maji ya bahari." Tulimkatalia. Mwalimu anayejutia kumwokoa mwanafunzi wake atamfundisha nani?

OMBI

Ni moja. Barua tumekuja nayo, na kalamu pia. Itie sahihi leo, mbele ya watu hawa, kama ulivyomshika Gert mkono mbele ya watu.

Mungu akupe umri mrefu, Mheshimiwa. Jioni hii utapanda ndege yako ukiwa mzima, kama ulivyoipanda siku ile, ukatembea kwa miguu yako mpaka kikaoni. Kila hatua uliyopiga ni kazi ya mkono wa Hlobisile ulioufunga mtungi ule.

Aya ya sita tumeichana. Hatuombi radhi.

Ni sisi,
Kikundi cha Wazamiaji Siyehla, Sodwana