Kurasa Kumi na Sita za Halafu

Ndugu, jamaa na marafiki: kaka yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Mei 1950, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga nafaka. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Mimi ninayesoma wasifu huu ni kitinda mimba. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, vitabu vya watu wanaoruka angani sisomi, na nimeombwa nisizidi ukurasa mmoja wa programu. Nimezidi. Atakayechoka avumilie, maana marehemu hakuwahi kumkatiza mtu hadithi.

Wazazi walimpa jina zuri, lakini wengi wenu mlimjua kwa jina la Halafu. Hilo alipachikwa na mama. Mama akisema mvua imenyesha, mtoto anauliza, "Halafu?" Halafu nimeanua nguo. "Halafu?" Halafu nenda kalale! Hakuwa mkaidi. Alitaka kujua tu, na kulala kulikuwa kunamchelewesha.

Alianza shule ya msingi Januari 1958, katika shule iliyopakana na stesheni ya reli, na akamaliza sekondari mwaka 1969. Hesabu zilimpiga chenga, nasema hivyo kwa upendo. Akiwa darasa la sita, mwalimu wa jiografia alimkuta anasoma chini ya dawati kitabu cha watu waliohamia mwezini. Mwalimu akakichukua, akakaa nacho wiki nzima, na kaka akajua kwamba amekwisha. Jumatatu iliyofuata aliitwa ofisini. Mwalimu alifunga mlango, akamwinamia, akauliza kwa sauti ya chini, "Wale waliobaki kule bondeni, unadhani wanapumua nini?" Wakawa marafiki wa vitabu mpaka mwalimu huyo alipofariki mwaka 2004.

Tarehe 1 Machi 1971 marehemu aliajiriwa na maktaba ya mji kama fundi wa kujalidi vitabu. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, mlango wa mwisho kwenye korido, na dirisha lake lilitazamana na ukuta. Mle ndani kulikuwa na meza ndefu, mashine ya chuma ya kubania vitabu, uzi uliopakwa nta, na sufuria ya gundi ya unga wa ngano ambayo mama aliitafuta sana nyumbani bila mafanikio. Kitabu kilichochanika kilimfikia yeye. Alikifumua, akakishona upya fungu kwa fungu, kurasa kumi na sita kila fungu, kisha akakipaka gundi mgongoni. Alistaafu mwaka 2010.

Mwaka 1976 yeye na mwalimu wake walianzisha kikao cha Alhamisi. Saa kumi na moja jioni, maktaba ikishafungwa, walijibana mle chumbani wapenzi wa hadithi za anga za mbali, za mazimwi na za dunia zisizokuwapo. Kila mtu alileta kitabu alichokipenda kuliko vyote, akajaribu kuwashawishi wenzake wakisome. Muda wao haukupimwa kwa saa. Marehemu alipaka gundi mgongo wa kitabu kimoja, na msemaji aliongea mpaka gundi ishike. Kidole kikigusa na kutoka kikavu, unakaa chini, hata kama umetuacha katikati ya vita. Mwalimu, mtu mzima na heshima zake, alikamatwa mara mbili akiongeza maji kwenye sufuria ili apate muda zaidi.

Kanuni ya kikao ilikuwa moja: usimwambie mtu mwisho wa kitabu. Fundi umeme wao, wanayemwita Waya, aliropoka mwisho wa kitabu cha zimwi akafungiwa vikao vinne. Yupo hapa leo, na bado anadai alionewa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo marehemu aliniagiza nilisome mbele yenu, na mjane wake ameridhia. Agosti 1979 aliletewa vitabu viwili ashone upya. Kimoja kilihusu malkia aliyetawala mji ulio chini ya ziwa. Cha pili kilihusu chombo kilichosafiri kati ya nyota kwa vizazi vinne. Vilikuwa na kimo kimoja na karatasi za rangi moja, na kaka yangu alikuwa na tabia mbaya ya kusoma huku anashona. Siku hiyo alinogewa na malkia, alikuwa katikati ya kitabu, mkono ukawa unafanya kazi peke yake. Fungu la mwisho la malkia likashonewa kwenye chombo, na la chombo likashonewa kwa malkia. Wiki hiyo hiyo kitabu cha chombo kiliazimwa na mpima ardhi mmoja, akahamishwa kikazi, akaenda nacho. Cha malkia kilibaki. Marehemu alikimaliza baadaye kama msomaji mwingine yeyote, akaona mwandishi ni bingwa. Nilipomuuliza kuhusu namba za kurasa, alikiri kwamba zinaruka kutoka 288 hadi 305. Mwanafunzi wangu yeyote angeona.

Mwaka 1980 alikuja kikaoni muuguzi wa wodi ya watoto, akapewa kitabu cha malkia. Alhamisi iliyofuata alirudi na macho mekundu, akagoma kukaa. "Nani mwingine amemaliza hiki?" akauliza. Mwalimu alikuwa hajakigusa, na Waya alikuwa amekomea njiani. Marehemu peke yake ndiye aliyenyoosha mkono. Kwa kuwa kanuni ilikataza kutaja mwisho mbele ya wasiomaliza, ikabidi watoke wakazungumze kwenye korido. Gundi ilishika kwenye vitabu vitatu na wao bado wako nje.

Katika mwisho huo, kama ulivyoshonwa, malkia anafumba macho maji ya ziwa yakikauka. Unafunua ukurasa, na mtu anafumbua macho ndani ya chumba cha chuma, nyota zimejaa dirishani. Sauti inamwambia, "Umechelewa, lakini tulikuwekea nafasi." Majina yote ni mapya. Muuguzi hakushangaa. Aliamini malkia amekufa, na kwamba mtu akifika huko huitwa upya. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1981. Ndiye wifi yangu huyu aliyekaa mstari wa mbele.

Binti yao wa kwanza alizaliwa Oktoba 1983, akafariki Februari 1984 akiwa na miezi minne. Wifi alikaa wiki nyingi bila kuzungumza na mtu. Alisoma kurasa zile kumi na sita tu, akifika mwisho anaanza tena. Siku moja nilimpelekea chai akanishika mkono na kuniambia, "Wamemwekea nafasi, wifi." Mimi mtu wa hesabu niliiweka chai chini. Nililia, na nilifurahi kwamba ana mahali pa kushika.

Mwaka 1990 mpima ardhi alirudisha kitabu cha chombo kwa posta, pamoja na barua ya kuomba radhi kwa kuchelewa miaka kumi na mmoja. Chini ya barua aliandika: "Nimekisoma mara tatu. Sielewi huyu malkia mwishoni katoka wapi." Marehemu alifungua fungu la mwisho, akaona neno la kwanza, ziwa, akalifunga hapo hapo. Aliniambia alikaa sakafuni.

Alichofanya baadaye si cha kumsifia, na mimi simsifii. Alilifumua fungu lile, akalifunga kwenye karatasi ya kaki, akaliweka nyumbani, kwenye droo ya chini ya zana zake. Kitabu cha chombo akakiandika kuwa kimeharibika. Cha malkia, maktaba ilipoondoa vitabu vya zamani, alikibeba nyumbani kikakaa karibu na mto wa mkewe. Akanyamaza miaka thelathini na mitatu. Na hapa ndipo aliponishangaza mimi niliyedhani namjua. Mtu aliyeuliza "halafu" hata tangazo la redio likiisha, hakuwahi kuzisoma kurasa zile. Zilikuwa hatua tano kutoka kitandani kwake. Alisema kuzisoma peke yake kungekuwa kumwacha mkewe nyuma.

Januari mwaka huu wa 2023 alianza kukosa pumzi akipanda ngazi, kisha miguu ikavimba. Daktari alimweleza kwamba moyo umechoka, kwamba dawa zitasaidia kwa muda. "Halafu?" marehemu akauliza. Daktari alivua miwani akaifuta. "Basi nimeelewa," kaka akasema, akamshukuru.

Aprili aliniita akanieleza yote niliyowasomea. Nilimgombeza, mgonjwa au si mgonjwa.

"Mwambie mkeo," nikasema.

"Nikimwambia nitakuwa nimemnyang'anya mtoto mara ya pili."

"Na usipomwambia utakufa hujui malkia aliishia wapi. Utaweza?"

"Sitaweza," akasema. "Lakini hilo ni langu. La mtoto ni lake."

Alisumbuka nalo miezi miwili. Jumamosi ya tarehe 10 Juni, mchana, alimwomba wifi alete droo ya chini, akamwambia. Jumapili na Jumatatu wifi hakutamka neno zaidi ya "meza dawa" na "geuka". Nilikuwapo nyumbani, nikiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilijilaumu, maana mimi ndiye niliyemsukuma.

Jumanne asubuhi wifi aliingia chumbani na miwani yake ya kusomea, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kwa hiyo ulishona wewe."

"Nilishona mimi."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu, Mama watoto. Nisamehe."

"Mwaka gani vile?"

"Sabini na tisa."

Wifi akahesabu kwa vidole. "Hukuwa hata unanijua," akasema. "Ulinishonea kabla hujanijua." Kisha akafungua karatasi ya kaki. "Ule mwisho ni wangu, haubadiliki. Sasa tuone wa kwake huyu malkia. Na mimi nina hamu, usidhani ni wewe tu."

Alimsomea kurasa sita siku ile, kidogo kidogo. Kila ukurasa ulipoisha kaka alisema "Halafu?", naye akafunua. Jumatano, tarehe 14 Juni, saa tisa alasiri, waliendelea. Nami nilikuwa kwenye kiti mlangoni, na nakiri kwamba nilikuwa nimeacha kujifanya sisikilizi. Malkia alikuwa anapanda kutoka ziwani, hajui juu kuna nini. Wifi akamaliza ukurasa wa kumi na nne, akangoja. Alingoja sana. Kisha akaziweka karatasi chini, akashika mkono wa kaka kutafuta mapigo, kama muuguzi, na baadaye akaulaza shavuni kwake, kama mke. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Kaka alikosa kikao cha Alhamisi kwa siku moja.

Marehemu ameacha mjane, mtoto wa kiume na wa kike, wajukuu wanne, mimi mdogo wake, na wanakikao kumi na wawili ambao nimewahesabu hapa na kila mmoja ana kitabu kwapani. Ametanguliwa na wazazi wetu, binti yake wa kwanza, na kaka yetu wa katikati aliyefariki mwaka 1997. Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, pamoja na mpima ardhi, popote alipo.

Kuhusu kurasa mbili zilizobaki, nimeulizwa na watu saba tangu jana. Ni karatasi moja, mbele 303, nyuma 304. Asubuhi ya leo wifi aliikata kwa mkasi kwenye mkunjo, hakuitazama, akaikunja na kuiweka kwenye mfuko wa koti la marehemu pamoja na miwani yake. Waya, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa jeneza, alishindwa kujizuia.

"Sista, kweli hutaki kujua?"

"Nataka sana," wifi akamjibu. "Lakini yeye ndiye aliyenisubiri miaka thelathini na mitatu. Zamu hii atangulie yeye kumaliza. Na kanuni ni ile ile, asituambie."

Mungu amlaze kaka yetu mahali pa amani, penye mwanga wa kutosha kusomea.