Ugonjwa Usiomo Kwenye Kamusi

Benchi liko nje ya kibanda cha kinyozi, kwenye kona, mguu mmoja umeegemezwa tofali. Saa nne asubuhi walikuwa wameketi watatu: Wembe, kinyozi mwenyewe, Kamusi, mstaafu aliyekuwa akisahihisha makosa ya chapa gazetini, na Brashi, fundi rangi. Vikombe vyao vya kahawa vilikuwa chini, kila kimoja juu ya mfuniko wa kopo la rangi. Ndiyo desturi ya benchi hilo, kwa sababu ya vumbi, na makopo ya Brashi hayakosi pale. Jana Brashi alipaka lango la shule ya chekechea. Mlango wa kushoto, alioupaka asubuhi, ni wa kijani kama alivyoagizwa. Wa kulia, alioupaka baada ya kahawa ya mchana, ni mwekundu. Mwalimu Mkuu akamtuma akapime macho. Amerudi na karatasi, na saa tano Mwalimu atakuja kuisoma na kuamua: fundi aendelee na madarasa sita yaliyobaki, au akusanye vyombo vyake.

— Soma tena, alisema Wembe.

— "Upofu wa rangi."

— Basi ndugu yangu, pole. Umekwisha.

— Subirini, alisema Kamusi. Alitoa mfukoni kamusi yake, iliyonyeshewa zamani ikabaki na kurasa za A hadi T. Akapekua hadi mwisho. — Upofu haumo.

— Kamusi yako imekatika, mzee.

— Haumo ni haumo. Ugonjwa usio na neno hauna pa kuingilia.

— Mimi nataka neno jingine la kumwambia Mwalimu, alisema Brashi. Fundi rangi, kipofu wa rangi! Nani atanipa ukuta tena? Miaka kumi na tisa sijakosea hata choo.

— Ulikuwa unajuaje sasa?

— Mke wangu huandika jina la rangi juu ya mfuniko. Ubavuni rangi inachuruzika, inafuta. Kwangu nyekundu na kijani ni mtu na pacha wake. Nasoma mfuniko, nafungua, napaka.

— Kumbe unapaka kwa kusoma!

— Na wewe unanyoa kwa kupapasa, nani amekusema?

Kamusi aliinua kidole.

— Turudi kwenye asili. Rangi zenye maneno yake zenyewe katika lugha yetu ni tatu: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Zilizobaki tumeazima kwa majirani. Kijani kwa majani, kijivu kwa majivu, kahawia kwa hii tunayokunywa. Kwa hiyo Brashi haumwi. Macho yake ni ya kale tu, hayakuazima.

— Nimwambie Mwalimu lango limepakwa kikale?

— Mwambie. Wahenga walisema, mkataa pema pabaya panamwita.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Ikae hapo, itaingia mbele.

Wembe alisogea karibu.

— Mimi nimesikia huko ng'ambo ugonjwa huu wameupa jina la mtu. Msomi mmoja, alijigundua mwenyewe.

— Kweli hiyo, alisema Kamusi. Akausia macho yake yapasuliwe akifa. Alidhani ndani mna maji ya buluu.

— Wakakuta?

— Maji ya kawaida.

— Maskini! Basi na sisi tuupe jina la mgonjwa wetu. Ubrashi.

— Wanangu watachumbiwa na nani?

— Tulia. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini, Wembe? Mwalimu anakuja saa tano!

— Ndiyo nafika huko. Nani alithibitisha kwamba sisi ndio tunaoona sawa? Tuseme kijani hakipo. Tuseme mji mzima tumekubaliana tu kukiona, kama kamati ya harusi inavyokubaliana bibi harusi ni mzuri. Mzima ni Brashi peke yake.

— Wazimu wa mji mzima, alisema Kamusi, akafungua tena kamusi. — Wazimu nao haumo.

— Afadhali!

Wakakubaliana kuiandikia kliniki barua. Itaje kwamba wakazi wote wanaumwa, na kwamba aliyepona ni fundi mmoja. Wembe alikuwa amefika "Husika na kichwa cha habari hapo juu", nyuma ya karatasi ya Brashi, Mwalimu Mkuu alipotokea. Alikuwa amewahi dakika kumi.

— Shikamoo, Mwalimu.

— Marahaba.

— Mwalimu, alisema Kamusi, kabla hujasoma, ufahamu kwamba na wewe ni mgonjwa.

Mwalimu aliichukua karatasi. Akaisoma mbele, akaisoma na nyuma, akaikunja.

— Fundi, jana uliniambia ulifuata maandishi.

— Niliyafuata. Kopo lilikuwa limeandikwa kijani.

— Liko wapi?

Brashi alivuta makopo matatu kutoka chini ya benchi. Yote yalikuwa yamefunikwa kwa magazeti.

— Maandishi yako wapi?

Brashi alionyesha vikombe. Mwalimu aliinama. Akainua kikombe cha Wembe: KIJANI. Cha Kamusi: NYEKUNDU. Cha Brashi mwenyewe: NYEUPE.

— Mkimaliza kahawa, nani huirudisha mifuniko kwenye makopo?

— Yeyote aliye karibu, alisema Wembe.

— Na huyo anajuaje upi ni wa kopo lipi?

Kamusi alimtazama Wembe. Wembe alitazama ndani ya kibanda chake, ambako hakukuwa na mteja. Brashi aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

Wembe akachukua kikombe chake, akakiweka kwenye vumbi.

— Kamalizie lango, Mwalimu alimwambia Brashi, akimrudishia karatasi. Halafu madarasa. Kahawa nitakuletea huko huko.

Alipoondoka, Kamusi alifungua kamusi yake. Mfuniko ulikuwamo.