Mtoto Wangu Hakusikia Harufu ya Mafuta ya Taa

Bwana asifiwe, wapendwa wa Nambis! Itikieni kwa nguvu, maana nikiisema habari hii mwili bado unanisisimka, ingawa miaka imepita mingi. Mimi ni mama Magdalena. Nimezaliwa Tlawi, nikaolewa Gendabi, na wakati huo mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali.

Ndugu zangu, naanza na dhambi yangu. Binti yangu Magdalena alikuwa na miaka sita. Tangu akiwa mdogo alipumua kwa mdomo. Akilala alikoroma kama mzee, na akisema ungedhani kabanwa pua. Nikasema ni mafua tu, ni baridi ya Hanang. Nilikuwa nikimwachia maziwa jikoni yanaungua mpaka jirani anapiga kelele, na yeye amekaa palepale anacheza na magunzi. Nilimchapa! Nilimwita mzembe, mtoto asiyejali. Alinitazama tu, mdomo wazi, kama mtu asiyejua kosa lake. Ndugu zangu, kweli hakulijua!

Ikafika siku ile ya mavuno. Mashine zikishapita, wanawake na watoto tulikuwa tukiokota masuke yaliyobaki. Jua kali, vumbi la makapi limejaa kooni. Magdalena akatangulia nyumbani kwa sababu ya kiu. Chini ya meza palikuwa na chupa ya soda. Mimi ndiye niliyeiweka pale, simsingizii shetani. Ndani yake kulikuwa na mafuta ya taa, meupe kama maji. Mtoto mwingine angeisogeza chupa usoni na kuitupa. Wangu aliiinua akanywa.

Nilimkuta mlangoni anakohoa, macho yamemtoka, midomo inang'aa. Nikanusa pumzi yake. Ee Bwana! Ni mafuta ya taa! Mama mkwe wangu akaja mbio na kibuyu cha maziwa.

"Mnyweshe! Mtie kidole atapike!"

Ningembishiaje mama mkwe? Nilishamshika mtoto kichwa, kidole kiko mdomoni, ndipo mume wangu akaingia na kumnyakua mikononi mwangu. "Kwa mganga kwanza!" akasema. Trekta lilikuwa nje, bado linanguruma. Hakuwa na kawaida ya kurudi saa hizo, ndugu zangu! Alikuwa amesahau koti.

Mganga wa zahanati aliitwa Bwana Saidi, mtu wa Tanga, Mwislamu, mpole sana. Sikumsalimu hata shikamoo. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mmemtapisha?"

"Bado," nikasema.

"Alhamdulillahi. Msimtapishe kabisa. Mafuta yakipanda tena yataingia mapafuni."

Nikakitazama kidole changu. Nilikuwa nakaribia kumwua mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku tatu alishikwa na homa, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa safarini. Niliogopa kuondoa macho kifuani pake, nikidhani nikiyaondoa tu kitaacha kupanda. Sala zote nilizofundishwa zilinipotea. Nilisema, "Bwana, Bwana," basi. Siku ya nne akafumbua macho akaomba uji. Aleluya!

Lakini Bwana Saidi hakufurahi kama sisi. Akaniuliza, "Mama Magdalena, mafuta ya taa yananuka tangu mlangoni. Huyu aliyafikishaje mdomoni?" Akamfunga mtoto macho kwa leso, akakata kitunguu, akakiweka chini ya pua yake.

"Unasikia harufu ya nini?"

"Hakuna kitu."

Akaleta kahawa. "Hakuna kitu." Ndugu zangu, viboko vyote nilivyompiga vilinirudia siku ile, kimoja kimoja!

Akasema anahisi kuna nyama zimeota nyuma ya pua na kuziba njia ya hewa, na hospitali kubwa wanaziondoa. Hapo hofu nyingine ikanishika. Majirani walisema uso utaoza, wengine wakasema atakuwa bubu. Mume wangu akasema, "Juzi tu ametoka kaburini. Unataka kumrudisha?" Wiki mbili zikapita. Nililia peke yangu shambani. Mungu hakusema kwa sauti. Ila nilianza kuwaza: kesho atakunywa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Keshokutwa nyumba itashika moto, naye hatasikia moshi. Nikamwendea mume wangu.

"Baba Magdalena, naogopa kisu. Lakini naogopa zaidi kumwacha hivi."

Akamwendea mtoto, akamshika kichwa. Kisha akasema, "Mfungie nguo zake."

Huko hospitali kubwa, walipomwingiza chumba cha upasuaji na kufunga mlango, nilikaa sakafuni, nikaziba masikio. Walipomtoa, damu ilikuwa imekauka puani na hakutikisika. Nikajua amekufa. Nikainama. Alikuwa amelala, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua! Miaka sita sikuwahi kumwona amelala hivyo.

Hata hivyo tulirudi nyumbani hasikii harufu yoyote. Daktari alisema tungoje, nami kila siku niliogopa. Asubuhi moja akatoka zizini amekunja uso. Nyumbani tulisema Kiiraqw, akaniita kama tunavyowaita mama zetu: "Ayo! Ng'ombe wana nini? Wananuka vibaya!"

Nilicheka, nikalia, mama mkwe akadhani nimerukwa na akili. Nikamkumbatia mtoto, nikamwomba msamaha. Akaniuliza, "Msamaha wa nini?"

Namshukuru Mungu aliyemrudisha dereva nyumbani, akamweka Bwana Saidi mbali na kwao kwa ajili yetu. Magdalena leo ni mama wa watoto wawili. Ndugu zangu, mtoto anayepumua kwa mdomo na kukoroma kila siku, mpelekeni akapimwe. Msiweke mafuta kwenye chupa ya kinywaji. Na kabla hujachukua kiboko, muulize mtoto kwanza.

Bwana hakuniondolea hofu. Alinishika mkono nikiwa nayo, tukaenda. Mwamini hivyohivyo unavyotetemeka. Na kama yuko mama hapa aliye na mgonjwa nyumbani, anayeogopa hata kusema, asitoke peke yake. Aje hapa mbele, nipige magoti pamoja naye.